Namna ya Kulinda Moyo na Mishipa ya Damu Unapoishi na Kisukari

Ukifungua daftari la kliniki la mgonjwa wa kisukari, mara nyingi utakuta safu ya sukari imejazwa tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, safu ya shinikizo la damu imejazwa kwa kurukaruka, na nafasi ya lehemu, yaani kolesteroli, iko wazi kabisa. Mgonjwa naye akirudi nyumbani huulizwa swali moja tu: sukari imesoma ngapi? Ikiwa imesoma 6 (kwa kipimo cha mmol/L), wote hushusha pumzi. Ilhali kinachowaua wengi wenye kisukari cha aina ya pili ni moyo na mishipa ya damu, si sukari kupanda peke yake. Kwa makadirio yanayokubalika na wataalamu, mtu mwenye kisukari ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata shambulio la moyo au kiharusi, ukimlinganisha na mtu wa umri wake asiye na ugonjwa huo.

Mwongozo huu unaeleza namna madhara hayo yanavyotokea, kisha mambo ambayo mgonjwa na wanaomtunza wanaweza kuyafanya, nyumbani na kliniki, ili kuyazuia. Msimamo wangu niuseme mapema: anayetibu sukari peke yake ameacha sehemu kubwa ya ugonjwa bila tiba. Dawa na vipimo vinavyotajwa hapa ni vya kuzungumza na daktari, si vya kwenda kujinunulia dukani.

Mishipa inavyoharibika

Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando mwembamba, unene wake seli moja tu, ambao hugusana na damu usiku na mchana. Utando huu, uitwao endothelia, una kazi nyingi zaidi ya kufunika ukuta. Hutengeneza gesi ya nitriki oksidi, ambayo hulegeza misuli ya ukuta wa mshipa ili upanuke pale kiungo kinapohitaji damu zaidi, na huzizuia chembe sahani, yaani zile zinazogandisha damu, zisishikamane ovyo. Sukari inapokaa juu kwa muda mrefu, seli za utando huu huzidiwa na kemikali haribifu, nitriki oksidi hupungua, na mshipa hubaki umekaza hata pale unapopaswa kulegea. Haya hutokea kimyakimya. Hakuna maumivu wala dalili yoyote.

Wakati huohuo sukari hujibandika kwenye protini za ukuta wa mshipa. Ni kemia ileile inayolipa andazi rangi ya kahawia linapokaangwa, isipokuwa mwilini hufanyika polepole, kwa miezi na miaka. Protini zilizoshikwa na sukari hukakamaa, ukuta hupoteza unyumbufu wake, na shinikizo la damu, hasa ile namba ya juu, hupanda. Kipimo kinachoitwa HbA1c kimejengwa juu ya jambo hilohilo: hupima ni asilimia ngapi ya himoglobini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, imeshikwa na sukari, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, jibu lake huonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita badala ya hali ya asubuhi moja.

Kisha huingia lehemu. Katika mwili usioitikia insulini ipasavyo, ini humimina mafuta mengi kwenye damu: trigliseridi hupanda, lehemu nzuri (HDL) hushuka, na chembe za lehemu mbaya (LDL) huwa ndogo kuliko kawaida, hivyo hupenya kwa urahisi kwenye ukuta uliokwisha kujeruhiwa. Zikishaingia humo huharibika, na seli za kinga huzifuata na kuzimeza hadi zenyewe zinavimba kwa mafuta na kufia hapohapo. Mrundikano huo wa mafuta, seli zilizokufa na kovu ndio gamba linalotokeza ndani ya mshipa.

Watu wengi hudhani kwamba gamba hukua taratibu hadi linaziba njia yote, na hapo ndipo moyo husimama. Mara nyingi sivyo. Shambulio la moyo kwa kawaida huanza gamba linapopasuka, na linaweza kuwa gamba ambalo lilikuwa halijaziba hata nusu ya njia. Damu hugusa mafuta yaliyokuwa yamefichwa ndani yake, chembe sahani hukimbilia pale, na donge la damu huganda kwa dakika chache. Kwa mwenye kisukari chembe sahani hushikamana kirahisi zaidi, na uwezo wa mwili wa kuliyeyusha donge huwa umepungua. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda shambani Jumamosi akiwa mzima, na Jumapili akalazwa kwa shambulio la moyo, bila mtu yeyote kuwa amedanganya au kuficha dalili. Donge likitokea kwenye mshipa wa ubongo, au likisafiri kutoka kwingine na kukwama huko, matokeo yake ni kiharusi. Kwenye miguu, mishipa iliyosinyaa huleta maumivu ya shavu la mguu wakati wa kutembea, vidonda visivyopona, na mwisho wake kukatwa mguu.

Mishipa midogo nayo huharibika kwa njia yake: ya macho, ya figo, na ile inayolisha neva. Mtu anaweza kudhani haya hayahusiani na moyo, lakini figo zinazovujisha protini kwenye mkojo ni ishara kwamba utando wa mishipa umejeruhiwa mwili mzima, na neva zilizokufa ganzi, kama tutakavyoona, zinaweza kuficha shambulio la moyo. Misuli ya moyo yenyewe pia hudhoofika au kukakamaa, hata pale ambapo mishipa yake mikubwa haijaziba, na mgonjwa huanza kuvimba miguu na kukosa pumzi anapolala chali.

Jambo la kuzingatia ni muda. Utafiti mkubwa wa Uingereza ujulikanao kama UKPDS, ulioanza mwaka 1977 na kuwafuatilia watu 5,102 waliokuwa wamegunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili hivi karibuni, uliwakuta takriban nusu yao tayari wana dalili za madhara siku ya kugunduliwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda ya Afrika wana kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajijui. Kwa hiyo anayeambiwa leo kwamba ana kisukari asijihesabu kuwa yuko mwanzo wa safari. Mishipa yake huenda imekwisha kutembea miaka kadhaa.

Vipimo vya kuomba kliniki

Ukifika kliniki, usione haya kusema: "Daktari, naomba leo tuangalie na presha, lehemu na mkojo, pamoja na sukari." Kuna vituo ambavyo vipimo hivi havifanyiki kila siku, na vingine ambavyo kitendanishi kimekwisha, lakini ombi likiandikwa kwenye daftari huwa rahisi kulifuatilia safari ijayo.

Tuanze na sukari. Kwa watu wazima wengi lengo la HbA1c ni chini ya asilimia 7. Kwa mzee, au mtu mwenye maradhi mengine mazito, au ambaye sukari yake hushuka ghafla mara kwa mara, daktari anaweza kuridhika na asilimia 8. Kuikaba sukari kupita kiasi si ushujaa. Utafiti wa ACCORD wa Marekani, uliohusisha watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari na hatari kubwa ya maradhi ya moyo, ulilazimika kusimamisha tiba kali ya sukari mwaka 2008, kwa sababu kundi lililosukumwa kuelekea chini ya asilimia 6 lilikuwa na vifo vingi zaidi kuliko kundi lililotibiwa kwa kiasi. Mwenye selimundu, upungufu wa damu, au aliyeongezewa damu hivi karibuni amkumbushe daktari, kwa sababu HbA1c inaweza kutoa jibu la uongo. Kwake yeye vipimo vya kidole vya nyakati mbalimbali vina uzito zaidi.

Shinikizo la damu ndilo ningeliweka mbele kama fedha ni kidogo. Mashine ya kupimia inaweza kununuliwa mara moja na kutumiwa na nyumba nzima, au hata na kikundi cha mtaani, na faida yake imethibitika. Katika utafiti uleule wa UKPDS, wagonjwa ambao shinikizo lao lilidhibitiwa kwa ukaribu zaidi, wastani wa 144/82 dhidi ya 154/87, walipata kiharusi kwa asilimia 44 pungufu. Tofauti ya pointi 10 tu za namba ya juu! Lengo linalopendekezwa sasa kwa wengi wenye kisukari ni chini ya 130/80, mradi mgonjwa analimudu bila kizunguzungu.

Lakini kipimo kibaya ni hasara, na vipimo vibaya ni vingi. Mgonjwa aliyefika kwa bodaboda, akapanda ngazi, akakaa kwenye benchi lisilo na egemeo huku akiulizwa jina na umri, na mkono wa shati umekunjwa hadi unambana, atasomeka juu kuliko alivyo. Nyumbani fanya hivi. Nenda haja ndogo kwanza. Usinywe chai ya rangi wala kahawa, na usivute sigara, kwa nusu saa kabla ya kupima. Kaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika 5, nyayo zote mbili zikiwa chini na miguu isipishane. Vua mkono wa nguo, usiukunje. Funga kitambaa cha mashine juu ya kiwiko, mkono ukiegemea mezani usawa wa moyo, usizungumze, na mtu mwingine asikuzungumzishe. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, kisha andika zote mbili pamoja na saa na tarehe. Kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono mnene, namba itapanda kwa uongo, kwa hiyo mwenye mkono mnene atafute kitambaa kikubwa. Mara mojamoja simama na upime tena baada ya dakika moja hadi tatu: namba ya juu ikishuka kwa pointi 20 au zaidi, mwambie daktari, kwa kuwa huenda neva zinazodhibiti mishipa zimeathirika, na kuongeza dawa bila kulijua hilo kunaweza kumwangusha mtu chooni usiku.

Lehemu ina mkasa wake. Mgonjwa huambiwa iko kawaida, naye hufurahi na kuifunga mada. Kwa mwenye kisukari swali sahihi ni jingine: je, hatari yake kwa jumla inamtaka atumie statini, yaani dawa ya kushusha lehemu? Utafiti wa CARDS, uliofanywa Uingereza na Ayalandi na kutangazwa mwaka 2004, uliwachukua watu 2,838 wenye kisukari ambao hawakuwa na maradhi ya moyo wala lehemu ya juu sana, na nusu yao wakapewa atorvastatini miligramu 10 kwa siku. Viharusi vilipungua kwa asilimia 48, na utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa imekwisha kudhihirika. Ndiyo maana miongozo mingi inapendekeza statini kwa wenye kisukari waliotimiza miaka 40 na kuendelea, hata kama lehemu yao inaonekana ya wastani. Ni dawa ya maisha yote, si ya kumaliza pakiti na kuacha. Misuli ikiuma isivyo kawaida, rudi kwa daktari abadilishe dozi au aina. Usiitupe kimya kimya.

Kipimo cha nne ni mkojo. Omba kipimo cha albumini, ile protini inayovuja figo zikijeruhiwa, angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na kreatinini ya damu ili kujua figo zinafanyaje kazi. Albumini ikionekana, dawa za kundi la enalaprili au losartani hupewa kipaumbele, kwa sababu hushusha shinikizo na pia huzipunguzia figo mzigo. Enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, nao huhangaika na dawa za kikohozi kwa miezi. Kubadilishiwa losartani kwa kawaida humaliza tatizo. Mwanamke aliye mjamzito, au anayepanga kushika mimba, lazima aseme mapema, kwa kuwa dawa hizi mbili zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na statini nazo kwa kawaida husimamishwa.

Ushahidi unaonishawishi zaidi kwamba mambo haya yaende pamoja ni utafiti mdogo wa Denmaki uitwao Steno-2. Wagonjwa walikuwa 160 tu, wote wenye kisukari cha aina ya pili na albumini kwenye mkojo. Nusu yao walipewa tiba ya kawaida, na nusu walishughulikiwa kila kitu kwa wakati mmoja: sukari, shinikizo, lehemu, dawa za kulinda figo, chakula, mazoezi na kuacha sigara. Baada ya takriban miaka 8, maradhi ya moyo na mishipa katika kundi la pili yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu, na walipofuatiliwa hadi miaka 21, kundi hilo lilikuwa limeishi takriban miaka 8 zaidi. Hakuna dawa hata moja ya sukari iliyowahi kufanya hivyo ikiwa peke yake.

Dawa mpya, dawa za zamani, na zile za dukani

Metformini, dawa ya zamani ya kushusha sukari, bado ni msingi kwa wengi. Hata hivyo tangu mwaka 2015, utafiti wa empagliflozini ulipoonyesha kuwa vifo vya maradhi ya moyo vilipungua kwa asilimia 38 miongoni mwa wenye kisukari waliokuwa na moyo mgonjwa, kundi hilo la dawa, pamoja na dapagliflozini, limebadili tiba. Hufanya kazi kwa kuitoa sukari kupitia mkojo, na huwasaidia sana wenye moyo dhaifu na figo zinazoanza kuchoka. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Bei yake bado ni kikwazo kwa wengi, lakini mwenye bima, au mwenye moyo ulioanza kushindwa kazi, aulize kwa jina. Anayezitumia anywe maji ya kutosha, na azisimamishe kwa ushauri wa daktari akiharisha, akitapika au akienda kufanyiwa upasuaji.

Aspirini hupewa mtu ambaye amekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba. Kwa ambaye hajapata, jambo si jepesi: utafiti wa ASCEND wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida yake kwa wenye kisukari karibu ilimezwa na ongezeko la kutokwa damu nyingi. Usijianzishie kwa sababu jirani anaimeza kila siku.

Kuna dawa inayoharibu kazi yote hii bila kushukiwa, nayo ni ile ya maumivu. Mgonjwa anaumwa mgongo au goti, anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki, na inakuwa mazoea ya kila jioni. Dawa za kundi hilo hupandisha shinikizo, huumiza figo, na huongeza hatari ya shambulio la moyo. Zikichanganywa na losartani na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kugoma kabisa. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi. Kuhusu mitishamba, sitabishana na anayekunywa majani ya mlonge kama mboga. Ninachokataa ni kuacha dawa za hospitali kwa ahadi ya kupona, na kunywa unga usiojulikana umechanganywa na nini.

Chakula, mwendo na moshi

Hapa maneno ni mengi kila mahali, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Tumia sahani yako ya kila siku: nusu yake iwe mboga kama mchicha, matembele au bamia, robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi, na robo iliyobaki iwe maharage, samaki, kuku au dengu. Dona ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Soda ya mililita 350 inaweza kuwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, na juisi ya miwa haipungukiwi kwa kuwa ni ya asili. Mafuta ya mgando na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yanaidhuru mishipa moja kwa moja. Alizeti kwa kipimo cha kijiko, badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, ni mabadiliko yasiyoongeza gharama. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kisichojaa sana, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi, mkate na viungo vya supu vya vipande.

Tembea kwa kasi inayokufanya uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba, jumla ya dakika 150 kwa wiki. Dakika 10 au 15 baada ya chakula cha jioni huishusha sukari kuliko muda huohuo ukitumiwa kabla ya kula. Sigara, shisha na ugoro viachwe. Kwa mwenye kisukari hakuna kiasi kinachoweza kuitwa kidogo.

Kwa Waislamu wenye kisukari, mwezi wa Ramadhani unahitaji maandalizi ya wiki 6 hadi 8 kabla, si siku ya kuandama mwezi. Daktari atahamisha nyakati za dawa, atapunguza zile zinazoweza kuishusha sukari ghafla, kama glibenklamidi na insulini, na ataangalia dawa za kukojoza ambazo humkausha mfungaji. Kutoboa kidole ili kupima sukari hakubatilishi funga. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7, fungua saa hiyohiyo, hata kama magharibi imebaki dakika chache. Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi hivi karibuni, au ambaye moyo wake umeshindwa kazi, hashauriwi kufunga. Futari nayo isigeuke kuwa kaimati na tambi za sukari mfululizo kwa siku 30.

Miguu

Kila usiku, kabla ya kulala, kaa penye mwanga na uiangalie miguu yote miwili: juu, chini, visigino, na katikati ya kila kidole. Tumia kioo kidogo kuona unyayo, au mwombe mwanao au mwenzi wako akuangalie. Unatafuta mchubuko, lengelenge, mpasuko, wekundu au weusi, uvimbe, na sehemu yenye joto kuliko mguu wa pili. Kisha gusa juu ya mguu kwa vidole viwili na usikilize mapigo. Mguu uliopoa, wenye ngozi ya kung'aa isiyo na vinyweleo, ambao mapigo yake hayapatikani, unahitaji kuonwa na daktari hata kama hauumi. Kuna kipimo cha kulinganisha shinikizo la kifundo cha mguu na la mkono, lakini kwa wenye kisukari cha miaka mingi kinaweza kudanganya, kwa kuwa mishipa iliyojaa chokaa haikandamiziki na namba huonekana nzuri.

Maji ya moto ya kukanda miguu yamewaunguza wengi waliokufa ganzi. Pima maji kwa kiwiko. Usitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, na kung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Kucha zikatwe kwa kufuata mstari ulionyooka, na sugu zisikatwe kwa wembe. Na kuna jambo ambalo wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakadhani ni utani: mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha maelezo ya wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala, wasihisi lolote hadi asubuhi walipoona damu kwenye shuka. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, pamoja na soksi safi zisizobana, huzuia hilo. Kidonda chochote ambacho hakijaanza kufunga ndani ya siku chache kipelekwe kituo cha afya. Kusubiri harufu ni kuchelewa.

Dalili za kutosubiri asubuhi

Picha tuliyozoea ya shambulio la moyo ni mtu anayejishika kifua. Kwa mwenye kisukari picha hiyo inaweza isitokee. Neva zinazopeleka maumivu kutoka kwenye moyo zikiwa zimeharibika, shambulio linaweza kuja kama kukosa pumzi kwa ghafla, jasho jembamba, kichefuchefu, kiungulia kisichoeleweka, au uchovu ambao mtu hajawahi kuupata. Wanawake hukutana na sura hii zaidi. Hatari yake ni kwamba jasho na udhaifu hufanana sana na dalili za sukari kushuka, na familia huleta chai ya sukari na kusubiri. Kwa hiyo pima sukari papo hapo. Ikiwa chini ya 3.9, mpe sukari kama mlivyofundishwa, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa si ya chini na dalili zipo, au imepanda baada ya sukari na dalili hazijaisha, lichukulie kuwa ni moyo hadi hospitali iseme vinginevyo.

Mtu huyo akae, asitembee, asipande bodaboda peke yake. Kama yuko macho, hana mzio wa aspirini na hana historia ya vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, atafune aspirini miligramu 300 mkiwa njiani. Mpelekeni kwenye hospitali yenye kipimo cha moyo cha ECG, si zahanati iliyo karibu tu kwa sababu iko karibu. Huduma ya kuzibua mshipa wa moyo kwa mrija hupatikana katika hospitali chache, kwa Tanzania hasa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, hivyo aliye mkoani anahitaji rufaa ianze kushughulikiwa mapema na hospitali ya kwanza kumpokea.

Kwa kiharusi, mwambie atabasamu na uone kama mdomo umepinda, ainue mikono yote miwili na uone kama mmoja unashuka, na aseme sentensi fupi na usikilize kama ulimi umekuwa mzito. Moja likiwepo, ondokeni. Hapa usimpe aspirini wala dawa ya presha nyumbani, kwa sababu huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na usimnyweshe wala kumlisha, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Andika saa ambayo alionekana mzima kwa mara ya mwisho na umpe daktari karatasi hiyo: dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na bila kuijua saa hiyo daktari hataweza kuitumia.